Betri ya gari kuisha chaji usiku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jioni umeegesha gari likiwa halina shida yoyote. Asubuhi unageuza ufunguo, linatoa tik-tik-tik na taa za dashibodi zinafifia. Jirani anakubusti, unakwenda kazini, mchana kutwa linawaka vizuri, kesho yake yaleyale. Wengi wakifika hapo wanakimbilia kununua betri mpya, na haipiti muda betri mpya nayo inalala. Majibu yote hapa chini yana msimamo mmoja: usinunue kitu kabla hujapima. Mita ya umeme ya bei ya chini na jioni moja ya subira vinamtosha mwenye gari wa kawaida kujua chaji inaenda wapi.

Nitajuaje kama kuna kitu kinakula chaji, au betri yenyewe imechoka?

Tenganisha mambo hayo mawili kabla ya kugusa kitu kingine. Chajisha betri mpaka ijae, kwa chaja yako au kwa fundi wa betri, kisha iache itulie kwa saa chache ndipo upime volti kwenye nguzo zake. Betri nzima iliyojaa husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 ina kama robo tatu ya chaji, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Ikiwa chini ya 11.9, ihesabu kuwa imeisha.

Ikishajaa, fungua terminali ya hasi, isogeze mbali na nguzo, kalale. Asubuhi pima kabla ya kurudisha chochote. Kama jana ilikuwa 12.6 na leo ni 12.6 au 12.5, betri inashika chaji. Usiku wa pili fanya hivyohivyo, ila safari hii terminali iwe imefungwa na gari limelokiwa kama kawaida yako. Ukiamka ukakuta 12.1, kuna kitu ndani ya gari kinakula. Lakini kama betri ilishuka hata ilipokuwa haijaungwa na gari, usihangaike na nyaya. Betri imechoka.

Kipimo kingine cha haraka: mtu awashe gari huku wewe unatazama mita kwenye nguzo za betri. Wakati stata inazungusha injini, volti zitashuka, na hilo ni la kawaida. Zikishuka chini ya 9.6 wakati betri ilikuwa imejaa, betri hiyo ni dhaifu hata kama ikitulia inasoma 12.6.

Inawezekana altaneta (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka) haichaji, kisha mimi nadhani ni mambo ya usiku?

Inawezekana, na kuhakikisha ni kazi ya dakika moja. Washa injini, pima kwenye nguzo za betri. Unatafuta kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, feni na AC, kanyaga mafuta kidogo. Volti zisishuke chini ya 13.5 hivi. Ukisoma 12.4 na zinaendelea kushuka huku injini ikinguruma, altaneta haichaji, au mkanda wake umelegea, au waya wake mkubwa umekatika. Yapo magari ya kisasa yanayopunguza chaji kwa makusudi betri ikijaa ili kuokoa mafuta, kwa hiyo pima mara mbili kabla ya kuhukumu.

Halafu fikiria unavyoliendesha. Gari linalotoka Mbezi mpaka sokoni na kurudi, dakika kumi kwenda na kumi kurudi, kwenye foleni, AC imewaka na taa zimewaka, halipati muda wa kurudisha kilichotumika kuwasha injini. Likifanya hivyo wiki nzima betri inabaki nusu, na usiku mmoja mdogo tu unaimaliza. Hapo hakuna anayekula chaji. Ni mapato madogo kuliko matumizi.

Gari lililozimwa linatakiwa kula umeme kiasi gani?

Kila gari linakula kidogo hata likiwa limezimwa. Saa ya dashibodi, kumbukumbu ya kompyuta ya injini, kipokezi cha rimoti na kumbukumbu ya redio havilali kabisa. Kwa gari zima kiwango hicho huwa kati ya miliampia 20 na 50, yaani ampia 0.02 mpaka 0.05. Magari makubwa yenye vifaa vingi yanaweza kuzidi kidogo.

Hesabu yake inafaa uijue, kwa sababu ndiyo itakayokuzuia kudanganywa. Betri ya NS60, ambayo magari mengi ya kati ya Kijapani yanatumia, ina kama ampia-saa 45. Ampia 0.05 kwa saa 24 ni ampia-saa 1.2 kwa siku. Ili ifike nusu inahitaji kama siku 18. Ampia 0.4 itafikisha betri hiyohiyo nusu kwa siku mbili na saa chache. Ili ifike nusu kwa usiku mmoja wa saa 11, kitu kinatakiwa kiwe kinakula ampia 2.

Sasa angalia maana yake. Kama umepima ukakuta ampia 0.1 tu, na gari linalala kila asubuhi, basi huo mvujo peke yake hauwezi kuwa sababu. Betri nayo imepoteza uwezo. Betri ya ampia-saa 45 iliyozeeka inaweza kuwa imebaki na 10 tu, na mita ya volti haitakuambia. Mara nyingi sana matatizo ni mawili kwa pamoja: kuna mvujo wa wastani, na kwa kuwa umeimaliza betri mara kwa mara, nayo imeharibika. Ukitengeneza kimoja bila kingine utarudi palepale.

Nahitaji vifaa gani?

Mita ya dijitali yenye kipimo cha ampia 10 za DC (umeme wa betri), spana ya 10 ya kufungulia terminali, bisibisi, kipande cha waya mnene kiasi chenye klipu za mamba pande zote mbili, na koleo dogo la kuchomolea fyuzi, ambalo kwenye magari mengi limo ndani ya boksi la fyuzi. Mita ya kubana waya inarahisisha kazi, lakini hakikisha inapima DC kwa kiwango kidogo. Nyingi zinazouzwa kwa mafundi wa umeme wa majumbani zinapima AC (hapa ni umeme wa majumbani, si kiyoyozi) peke yake, na kwenye betri ya gari zitakuonyesha sifuri siku zote.

Uwe mwangalifu na zile mita ndogo za njano zilizojaa madukani. Kwenye nyingi, tundu la ampia 10 halina fyuzi ya ndani. Ukikosea, inayoungua ni mita yenyewe au waya ulioshika mkononi.

Nipime vipi, hatua kwa hatua?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Anza kwa kuandaa milango. Gari likijua mlango uko wazi, linawasha taa na kuamsha kompyuta zake. Fungua mlango wa karibu na boksi la fyuzi la ndani, kisha kwa bisibisi sukuma lachi ya mlango mpaka ijifunge kana kwamba mlango umefungwa. Taa ya ndani ikizimika, umefanikiwa. Magari mengine yanatumia kibonyezo kidogo kwenye fremu ya mlango. Hicho kibane kwa mkanda wa gundi. Kama gari lina alamu yenye swichi ya boneti, nayo ibane. Kisha toa ufunguo na uupeleke ndani ya nyumba, mbali na gari.

Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, na geuza kitufe kwenye ampia za DC. Usitumie tundu la miliampia. Fyuzi yake ni ndogo na itakatika mara moja. Kabla ya kufungua terminali ya hasi, funga klipu moja ya ule waya wa mamba kwenye nguzo ya hasi na nyingine kwenye kichwa cha kebo yenyewe. Sasa ukiitoa kebo kwenye nguzo, umeme bado unapita kwenye waya wa mamba na gari halijui kilichotokea. Unganisha mita sambamba na waya huo: ncha moja kwenye nguzo ya hasi, nyingine kwenye kebo. Tafuta namna ya kuzifunga zisiteleze.

Kisha subiri. Kompyuta za gari hazilali papo hapo baada ya kulizima. Nyingi huchukua dakika 10 mpaka 30, na baadhi ya magari ya Ulaya huchukua karibu saa nzima. Ukipima dakika ya pili utaona ampia 1 au 3 na kuanza kumlaumu mtu asiye na hatia. Baada ya nusu saa, ondoa waya wa mamba. Umeme wote sasa unapita kwenye mita. Soma.

Kuanzia hapo mpaka utakapoondoa mita, usifungue swichi, usijaribu kuwasha gari, usibonyeze rimoti. Stata inavuta ampia zaidi ya mia moja.

Kanuni yake ni ileile ya kutafuta bomba linalovuja nyumbani: unafunga mabomba yote, unakwenda kutazama mita ya maji. Ikiendelea kuzunguka, kuna mahali panavuja.

Mita inasoma 0.00. Maana yake gari ni zima?

Huenda, lakini 0.00 kamili inatia shaka, kwa sababu gari la kawaida linakula walau kidogo. Jaribu hivi: mita ikiwa imeungwa na waya wa mamba umeondolewa, achia lachi ya mlango ili taa ya ndani iwake. Taa isipowaka, fyuzi ya mita imekatika na hakuna umeme unaopita. Ikiwaka na mita ikapanda, mita ni nzima. Funga tena lachi na usubiri gari lilale upya.

Mita inasoma 0.4 hata baada ya saa nzima. Nifanye nini sasa?

Anza kutoa fyuzi, moja moja, huku mita iko mahali unapoiona au kuna mtu anakusomea. Anza na boksi la chini ya boneti, kisha la ndani. Unapotoa fyuzi na mita ikaporomoka kutoka 0.40 mpaka 0.03, mwizi yuko kwenye njia ya fyuzi hiyo. Ikishuka kidogo tu, kwa mfano kutoka 0.40 mpaka 0.38, hiyo ni saa au kumbukumbu, endelea.

Jambo moja dogo linaokoa saa nyingi: ukitoa fyuzi usiirudishe haraka. Kuirudisha kunaweza kuamsha kompyuta na mita ikapanda tena, ukachanganyikiwa. Zipange juu ya kitambaa kwa mpangilio wa boksi, au piga picha ya boksi kwa simu kabla hujaanza, uzirudishe mwishoni.

Ukishapata fyuzi, soma jina lake kwenye mfuniko. DOME ni taa za ndani, na mara nyingi fyuzi hiyohiyo inalisha saa, redio na taa ya buti. RADIO unaelewa, na ACC ni umeme wa vifaa kama redio ufunguo ukigeuzwa hatua ya kwanza. ECU-B ni umeme wa kudumu wa kompyuta mbalimbali. Magari yaliyotoka Japani yana mifuniko ya Kijapani, lakini namba na vifupisho vya Kilatini huwa vimo. Fyuzi ikilisha vitu vinne, chomoa soketi ya kimoja kimoja mpaka mita ishuke.

Kuna njia ya kupima bila kutoa fyuzi?

Ipo, na kwa gari lenye kompyuta nyingi mimi naipendelea kwa sababu haiamshi kitu. Kila fyuzi ya kisasa ina vidoa viwili vya chuma vilivyo wazi mgongoni. Umeme ukipita kwenye fyuzi, kati ya vidoa hivyo hutokea tofauti ndogo ya volti. Weka mita kwenye milivolti za DC, gusa vidoa vyote viwili. Ikisoma 0.0 hakuna kinachopita. Ikisoma 0.5 au 1 au zaidi, fyuzi hiyo inapitisha umeme wakati gari limelala. Pita boksi zima hivyo. Terminali ya betri huifungui kabisa, ila milango na ule muda wa kusubiri ni vilevile.

Nimetoa fyuzi zote, mita bado inasoma ampia 0.6. Sasa?

Basi kinachokula hakipiti kwenye boksi la fyuzi. Kwanza fuata kwa macho kila waya mwembamba uliofungwa kwenye nguzo ya chanya ya betri. Waya wa kiwandani ni mnene na una mfuniko wake. Waya mwekundu au wa njano uliozungushwa kwenye boliti ya terminali kwa mkono, ukapita pembeni ya betri na kuzama kwenye ukuta wa injini, ni wa mtu aliyefunga alamu, amplifaya au GPS. Uchomoe, tazama mita.

Usipopata hapo, geukia altaneta. Ndani yake kuna dayodi zinazozuia umeme wa betri usirudi nyuma. Dayodi moja ikivuja, altaneta inakula betri usiku kucha, na mchana inaweza kuonekana inachaji vizuri. Dalili moja rahisi kuitambua: gari limepoa usiku kucha lakini mwili wa altaneta una joto kidogo ukiushika alfajiri. Kuthibitisha, ondoa kabisa terminali ya hasi, fungua waya mnene wa nyuma ya altaneta, ufunike kwa mpira usiguse chuma, chomoa na soketi yake ndogo, unganisha upya mita, subiri, soma. Kama mvujo umekwisha, umempata. Kipimo cha pili: injini ikiwa imewaka, weka mita kwenye volti za AC na upime betri. Ukiona zaidi ya 0.5, dayodi zina shida. Si lazima ununue altaneta nzima. Mafundi wa rewaya hubadilisha sahani ya dayodi peke yake.

Ni vitu gani hasa vinavyokula chaji kwenye magari yetu?

Kwa magari ya mitumba ya Kijapani yanayojaa barabara za Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, jibu langu ni moja: anza na kile kilichoongezwa baada ya gari kushuka bandarini. Nyaya za kiwandani zinadumu. Zinazoleta balaa ni zile zilizounganishwa kwa kumenya waya, kuzungusha na kufunga utepe.

Redio inaongoza. Redio za kufungwa zina waya wa njano, unaotakiwa umeme wa kudumu kwa ajili ya kumbukumbu, na waya mwekundu, unaotakiwa umeme pale tu ufunguo unapokuwa ACC. Fundi mwenye haraka, akishindwa kupata waya wa ACC, anaziunganisha zote mbili kwenye umeme wa kudumu. Redio inafanya kazi, mteja anaondoka ameridhika, ila redio haizimiki kikwelikweli. Skrini ni nyeusi lakini ubongo uko macho. Vuta redio nje, tazama kama njano na nyekundu zimefungwa pamoja. Zile redio kubwa za Android zina jambo lingine: kwenye mipangilio yake mna chaguo la kulala badala ya kuzima ili iwake upesi. Libadilishe, izime kabisa. Waya wa bluu unaoamsha amplifaya nao ukiunganishwa pasipofaa, amplifaya inakesha.

Halafu alamu na GPS. Alamu nzuri inakula kidogo sana. Alamu iliyoingia maji, au iliyounganishwa na taa za pembeni kimakosa, inakula vya kutosha kukulaza. GPS ya kufuatilia gari inaendelea kutuma taarifa hata gari likiegeshwa. Kwenye eneo lenye mtandao dhaifu inahangaika na kula zaidi. Kama gari ni la mkopo na GPS ni ya mkopeshaji, usiikate. Pima, andika namba uliyoipata, wapigie waje waibadilishe.

Baada ya hapo ndipo kuna taa ndogo. Taa ya buti yenye balbu ya wati 5 inavuta kama ampia 0.4, na swichi yake ikikwama hutaijua kwa sababu ukifungua buti ipo, inawaka kama inavyotakiwa. Weka simu ndani ya buti ikirekodi video, funga, subiri dakika moja, fungua utazame. Fanya hivyohivyo kwa kisanduku cha dashibodi. Taa za kioo cha kujitazamia kwenye vizuia jua pia husahaulika.

Mwisho kuna relei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) zilizoganda. Relei ya feni ya rejeta au ya AC ikigandia ndani, inapitisha umeme hata swichi ikiwa imefungwa. Baada ya gari kukaa saa kadhaa, gusa relei moja moja kwa kidole. Iliyo na uvuguvugu wakati nyingine ni baridi, inafanya kazi usiyoijua.

Gari langu ni la kitufe, halina ufunguo wa kugeuza. Kuna tofauti?

Ipo. Ufunguo wa aina hiyo na gari huongea kwa redio wakati wote vinapokuwa karibu. Ukiutundika ukutani mita mbili kutoka gari lilipoegeshwa, gari haliingii usingizi mzito na ufunguo nao unamaliza betri yake. Uweke mbali. Hakikisha pia umezima kweli: kwenye gari la kitufe, ukizima injini huku gia haiko P, umeme unaweza kubaki kwenye ACC.

Vipi kuhusu hybrid kama Prius na Aqua?

Zina betri mbili. Ile kubwa ya kuendeshea gari usiiguse. Ina volti za kuua na nyaya zake zina rangi ya chungwa. Inayolala usiku ni ile ndogo ya volti 12, ambayo kwenye mengi ya magari hayo iko nyuma, si chini ya boneti. Kazi yake ni kuamsha kompyuta tu, kwa hiyo ni ndogo na mvujo mdogo unaimaliza upesi. Kwa kuwa iko upande wa abiria, inatakiwa iwe aina yenye bomba la kutolea hewa yake nje. Usikubali kufungiwa betri ya kawaida kwa sababu ni rahisi.

Betri hiyo inachajiwa gari likiwa kwenye READY, yaani limewashwa na liko tayari kuondoka. Kukaa ndani ukisikiliza redio bila READY kunaimaliza. Na Prius ikilala kabisa buti halifunguki kwa umeme. Kuna nguzo ya kubustia kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti.

Nibusti vipi bila kuharibu kitu?

Waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyolala, kisha chanya ya betri nzima. Mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililolala, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa hewa inayoweza kulipuka kwa cheche. Kutoa, rudi kinyume. Usikubali msaada wa Fuso au lori lolote la volti 24. Ukigeuza chanya na hasi hata kwa sekunde moja, unaweza kuunguza altaneta na kompyuta. Gari la gia otomatiki usilisukume. Haliwaki kwa kusukumwa.

Baada ya kubusti, dakika kumi za kuendesha hazijazi betri. Altaneta imeundwa kuitunza betri iliyojaa, na kuilazimisha ifufue iliyokufa ni kuichosha. Ipeleke betri kwenye chaja usiku huohuo.

Betri ikiisha kabisa mara kadhaa inaharibika?

Ndiyo, na hili ndilo linaloniuma ninapoona mtu anabusti kila asubuhi kwa mwezi mzima. Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache na kujazwa papo hapo. Ikikaa bila chaji, sahani zake hupata ukoko mgumu wa salfeti ambao chaja haiuondoi wote. Kila ikilala inarudi ikiwa ndogo zaidi. Joto la pwani linaongeza kasi. Ikiwa ni betri ya maji, kagua kila tundu na uongeze maji yaliyokenekwa (distilled) mpaka yafunike sahani, usiongeze asidi.

Tazama pia juu ya betri. Vumbi lililochanganyika na unyevu wa asidi hupitisha umeme kutoka nguzo hadi nguzo. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi, nyingine ipitishe juu ya plastiki. Ukisoma volti hapo, ioshe kwa maji vuguvugu yenye magadi soda, yasiingie kwenye matundu.

Naweza tu kufungua terminali kila jioni?

Kama dawa ya muda, sawa. Wapo wanaofunga swichi ya kukata kwenye hasi, na inafanya kazi. Lakini utapoteza saa, stesheni za redio, pengine utaombwa namba ya siri ya redio, vioo vitasahau kupanda vyenyewe, na injini inaweza kutetema kidogo mpaka kompyuta ijifunze upya. Alamu na GPS navyo vitakuwa vimezimwa usiku, wakati unavihitaji zaidi. Kuna hatari kubwa kuliko hizo zote: kama mvujo unatokana na waya uliomenyeka unaogusa bodi, unaweza kushika shoti na kuwaka moto mchana ukiendesha. Utafute.

Nikienda kwa fundi, nimwambie nini?

Mpe namba. "Betri imejaa, ilikaa usiku bila kuungwa ikabaki 12.6. Ikiungwa inafika 12.1. Gari likilala linakula ampia 0.4, na ukitoa fyuzi ya DOME inashuka mpaka 0.03." Fundi umeme mwenye kujua kazi atakwenda moja kwa moja kwenye njia hiyo. Akikujibu kwa kukuambia ununue betri kwanza bila hata kuchomoa mita, tafuta mwingine. Na usiruhusu mtu aweke kipande cha waya mahali pa fyuzi, hata kwa "kujaribu kidogo".

Nasafiri wiki tatu na gari linabaki nyumbani. Nifanyeje?

Hata gari zima litafika karibu nusu ya chaji kwa wiki tatu, kwa hiyo lijaze kabla ya kuondoka na ufungue terminali ya hasi. Kuwasha injini dakika tano kila wikiendi, kama wengi wanavyomwagiza kijana wa nyumbani, hakusaidii. Stata inatumia na altaneta haipati muda wa kurudisha. Bora aliendeshe nusu saa barabarani au aliache kabisa. Kama betri iko nyuma ya gari na buti linafunguka kwa umeme, usilifunge buti baada ya kuchomoa terminali. Na ubaki na ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, maana siku ya kurudi rimoti haitafungua mlango.